Barua ya wazi: Kabla ya kuongeza megawati, shikeni kwanza volteji ya Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya umeme. Bwana Gavana wa Haut-Katanga. Wakuu wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Wakuu wa ARE, mamlaka inayosimamia sekta ya umeme. Na wakurugenzi wa migodi inayochukua umeme wa volteji kubwa.

Waheshimiwa,

Saa moja za jioni, kwenye mitaa ya Katuba au Kenya hapa Lubumbashi, balbu haizimiki bali inageuka rangi ya kiini cha yai. Friji inanguruma sekunde tatu, inanyamaza, inanguruma tena. Mwenye nyumba anasema leo kuran, yaani umeme, ni ndogo, anarudi kwenye mbabula, jiko lake la makala. Fundi akichomeka kipimo kwenye soketi anaweza kusoma volti 165 mahali palipotakiwa 220.

Mara nyingi jibu linalotolewa ni kwamba megawati hazitoshi. Hilo hatulibishi. Lakini megawati na volteji ni vitu viwili, na mtambo mpya hautibu volteji iliyolegea kilomita mia kadhaa mbele yake. Sehemu ya ugonjwa iko mtaani, kwenye nyaya nyembamba na kabini za transfoma zilizobebeshwa nyumba mara mbili ya uwezo wake. Hiyo ina barua yake siku nyingine. Hapa tunazungumzia sehemu inayotoka juu, kwenye laini za 220 kV, na vifaa vya elektroniki vinavyoweza kuishika. Vifaa hivyo vipo na vinafanya kazi duniani tangu miaka ya 1970. Tunaandika kwa sababu tunajua pia jinsi vinavyonunuliwa vibaya.

Tuanze na njia ya umeme wenyewe. Kutoka mitambo ya Inga, kwenye mto Kongo, hadi Kolwezi ni kama kilomita 1,700, na tangu 1982 umeme unasafiri njia hiyo kama mkondo mnyoofu, kwa volteji ya 500 kV. Ndiyo maana vijiji vingi viko chini ya nyaya hizo na havina taa: mkondo mnyoofu hauchotwi kwa transfoma ya kawaida, kila mahali pa kuchotea panahitaji kituo kizima cha kugeuza mkondo. Faida yake ni kwamba mkondo huo unatii. Anayeendesha kituo anaandika megawati anazotaka, tiristori, yaani swichi za elektroniki za nguvu kubwa, zinafungua na kufunga njia ya mkondo kwa hesabu, na zinapita hizo hizo alizoandika.

Kufika Kolwezi, utii unakwisha. Umeme unageuzwa kuwa mkondo wa kupishana, unakutana na ule wa mitambo ya Nzilo na Nseke kutoka mto Lualaba, unaelekea Fungurume, Likasi na Lubumbashi, njiani unaungana na wa Mwadingusha na Koni kutoka Lufira. Kwenye kituo cha Karavia, hapa Lubumbashi, laini inaendelea hadi Luano upande wa Zambia, na kwa hiyo tumefungwa kamba moja na mitandao ya kusini mwa Afrika. Humo ndani hakuna anayeuambia umeme upite wapi. Kama maji ya mvua, unapita penye upinzani mdogo.

Kiasi kinachopita kwenye laini kinategemea mambo matatu tu: volteji za ncha zake mbili, riaktansi ya laini (kizuizi chake kwa mkondo wa kupishana, kinachopimwa kwa omu), na pembe kati ya volteji ya huku na ya kule, yaani kiasi ambacho wimbi la kule linachelewa nyuma ya la huku. Chukueni laini moja ya mfano ya 220 kV yenye kilomita 250, ambayo ni takriban umbali wa kutoka Kolwezi hadi hapa. Kwa omu 0.4 kila kilomita, riaktansi yake ni omu 100. Pembe ikiwa digrii 30, ambayo ni kipimo cha kawaida cha usalama, zinapita megawati 242. Volteji za ncha zote mbili zikishuka kwa asilimia 10, kwa pembe ile ile zinabaki 196. Megawati 46 zimepotea njiani bila turbini hata moja kusimama. Hizo ni zaidi ya uwezo wa Koni yote, ambayo ni 42.

Sasa angalieni laini hiyo hiyo kwa jicho la nguvu riaktivu, yaani ile inayokwenda na kurudi ili kujenga sumaku ndani ya mota na transfoma, haisagi jiwe wala haiwashi taa, lakini bila hiyo mota haigeuki. Laini yenyewe, kwa kuwa nyaya zake na ardhi vinafanya kazi kama kondensa, kifaa cha kushika chaji, inazalisha takriban megavari 35 (megavari ni kipimo cha nguvu hiyo). Ikibeba megawati 242 inameza karibu 130. Ikibeba megawati karibu 130 vinalingana, haimezi wala haitoi. Usiku wa Jumapili, mgodi mkubwa ukisimama kwa matengenezo, laini iko karibu tupu, megavari 35 hazina pa kwenda na volteji inapanda kupita kiasi. Jumatatu mchana pengo ni megavari 95, nusu yake inadaiwa upande wetu. Mzigo wa megawati 240 wenye kosine-fi 0.90 (kosine-fi ni sehemu ya nguvu inayovutwa ambayo inafanya kazi kweli) unadai nyingine 116. Jumla Lubumbashi inatakiwa kutoa karibu megavari 160 palepale, kwa sababu nguvu riaktivu haisafiri mbali: ukiituma kutoka Kolwezi, njia inakula sehemu kubwa na volteji inazidi kushuka kwa ajili ya kuituma.

Kolwezi yenyewe haina ya kugawa. Kituo kinachogeuza mkondo kwa tiristori kinakula nguvu riaktivu sawa na asilimia 50 hadi 60 ya megawati zinazopita. Kwa megawati 500 ni megavari 250 hadi 300, na zinatakiwa zitoke kwenye filta na kondensa zilizo jirani. Zaidi ya hapo, volteji ya upande wa kupokea ikitikisika ghafla kwa kiasi cha asilimia 10, tiristori iliyotakiwa kufunga inaweza kushindwa kufunga. Mkondo unakosa njia yake na mzigo wote unakatika kwa muda mfupi. Radi moja ya Novemba kati ya Likasi na Kolwezi inatosha. Kwa hiyo volteji iliyolegea ya Katanga inadhuru hata umeme wa Inga ambao bado haujaingia Katanga.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi, na tunaliona kila nyumba. Volteji ikishuka, wenye uwezo wananunua regileta, kifaa cha kusawazisha volteji. Kifaa hicho kinapandisha volti 165 kuwa 220 kwa kuvuta ampea zaidi kutoka waya wa mtaa, na kwa jirani asiye na regileta zinabaki 155. Jambo lile lile hutokea juu kwenye vituo vikubwa: transfoma yenye ngazi za kujibadilisha inaona volteji ya upande wake wa chini imeshuka, inapanda ngazi, inavuta mkondo zaidi kutoka 220 kV iliyokwisha kuzama, 220 kV inazama tena, nayo inapanda ngazi nyingine. Kila ngazi ni sekunde chache. Dakika mbili, tatu, na mji wote uko gizani huku kila kifaa kikiwa kimefanya kazi yake sawasawa. Ndiyo maana ngazi hizo zinatakiwa kuwekewa amri ya kusimama volteji ya juu ikishuka chini ya kiwango fulani. Kuweka amri hiyo ni kazi ya siku moja ya fundi wa rilei (vifaa vya ulinzi vinavyotoa amri kwa swichi za mtandao), na haigharimu karibu chochote.

Hilo linatufikisha kwenye mpangilio wa kazi. Tunaomba ufuatwe kama ulivyo, kwa sababu ukianza na kifaa cha gharama kubwa, kitatumika kuziba matundu ambayo yangezibwa kwa gharama ndogo.

Kwanza ni wateja wakubwa. Mgodi wa megawati 50 wenye kosine-fi 0.80 unavuta megavari 37.5. Ukifikishwa 0.95 unavuta 16.4. Mkondo kwenye laini unapungua kwa asilimia 16, na joto linalopotea njiani kwa sababu ya mzigo huo linapungua kwa karibu asilimia 29. Migodi minne ya namna hiyo ni megavari 84, na hizo mmezipata kwa kondensa za kawaida zilizofungwa kwenye uwanja wa mteja, kwa gharama ya mteja. ARE ina uwezo wa kuandika sharti la kosine-fi kwenye kanuni na adhabu kwenye ankara. Andikeni, kisha tumeni watu wenye vipimo vyenu wenyewe. Msisome kipimo cha mteja.

Hapo pana mtego mmoja, na wengi wanautumbukia. Viwanda vyetu vya shaba vinasafisha madini kwa mkondo mnyoofu, na vigeuzi vyao vinatupa kwenye mtandao mawimbi ya harmoniki, yaani yenye kasi mara 5, 7, 11 na 13 ya wimbi la kawaida. Ukiweka kondensa tupu, nambari ya harmoniki itakayopigana nayo unaipata kwa kugawa nguvu ya shoti ya kituo (nguvu ambayo mtandao ungemwaga hapo shoti ikitokea) kwa megavari za kondensa, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kituo chenye nguvu ya shoti ya 800 MVA ukikifungia kondensa za megavari 32, jibu ni 5 kamili. Yaani umetengeneza ngoma inayolia kwa wimbi lile lile linalotupwa na kigeuzi. Makopo ya kondensa yanavimba kama sardini iliyooza, fyuzi zinakatika moja moja, na mkandarasi anasema mtandao wenu ni mchafu. Dawa yake ni riakta, yaani koili, ya asilimia 7 mbele ya kila benki (kundi la kondensa), ambayo inashusha mlio huo hadi kama hezi 189, yaani mizunguko 189 kwa sekunde, chini ya harmoniki ya tano ambayo ni 250. Zabuni ya kondensa isiyotaja riakta hiyo irudishwe ilikotoka.

Pili ni mitambo iliyopo. Jenereta ya maji inaweza kutoa au kumeza nguvu riaktivu, mradi kidhibiti chake cha volteji kiko kwenye hali ya otomatiki. Kikiwa kimefungwa kwa mkono, jenereta inakaa kimya wakati mtandao unaomba msaada. Vilevile vidhibiti vingi vya kisasa vina ndani yake kituliza mawimbi, cha kupunguza kuyumba kwa mtandao, ambacho hakijawahi kuwashwa, au kiliwashwa kwa namba za kiwandani. Sisi tumeungana na mtandao mrefu hadi Afrika Kusini, na mitandao mirefu huyumba polepole, chini ya mara moja kwa sekunde, kama mtumbwi wenye watu wawili wanaokaa na kusimama bila kupatana. Kuyumba huko kukizidi, laini ya Luano inakatika. Vituliza vikipangwa vizuri, sehemu kubwa ya tatizo inaisha bila kununua kitu.

Baada ya hayo ndipo elektroniki inapoingia, na sasa tunaomba mtuvumilie kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Kondensa inayofungwa kwa swichi ya kawaida ni ya bei nafuu, lakini ikishazimwa inabaki na chaji; lazima isubiri dakika 5 hadi 10 kabla ya kuwashwa tena. Radi haisubiri dakika 5. Kinachohitajika Karavia au kwenye kituo kingine cha 220 kV cha Lubumbashi ni kifaa kinachojibu ndani ya mzunguko mmoja hadi mitatu ya hezi 50, na kinachoweza kutoa Jumatatu na kumeza Jumapili. Viko vya aina mbili. Cha zamani zaidi kinatumia tiristori: riakta zinazodhibitiwa kwa kuchelewesha kufunguka kwa tiristori, pamoja na benki za kondensa zinazowashwa na kuzimwa na tiristori, na filta za kusafisha harmoniki ambazo riakta yenyewe inazitoa. Cha pili kinatumia transista za nguvu kujenga volteji yake chenyewe, na watu wa kazi wanakiita statkomu.

Tofauti yao inaonekana siku ya balaa. Cha tiristori mwisho wake ni kondensa, na kondensa hutoa kwa mraba wa volteji: volteji ikibaki asilimia 70, kinatoa asilimia 49 ya uwezo wake. Statkomu inashikilia mkondo wake, kwa hiyo inatoa 70. Kwenye mji wenye mota nyingi, vinu vya kusaga mawe vinavyovuta mara 5 hadi 7 ya mkondo wao vikiwashwa, na mafriji yanayokwama volteji ikizama, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtandao unarudi au unakufa. Kwa upande mwingine, tiristori ni kitu kigumu, fundi wa kawaida anaweza kuibadilisha, na watengenezaji wake ni wengi. Moduli za statkomu mara nyingi zinapatikana kwa aliyeiuza peke yake.

Tukiulizwa, tungechagua mchanganyiko: statkomu ya megavari 100 kutoa na 100 kumeza, pamoja na benki tatu za kondensa za megavari 40 zenye swichi za kawaida na riakta zake, zote zikiongozwa na kompyuta moja. Mzigo wa kila siku unabebwa na benki, statkomu inabaki karibu na sifuri ikingoja dharura. Kifaa kinachofanya kazi kwenye mwisho wa uwezo wake tangu asubuhi hakina cha kutoa radi ikipiga saa tisa. Namba hizi ni za kuanzia mazungumzo. Zitathibitishwa na uchunguzi wa mtandao, nao uchunguzi ufanywe na mtu asiyeuza kifaa.

Mfano uko jirani. Namibia, yenye mtandao mrefu na dhaifu, ilipojenga laini yake ya 400 kV kuelekea Afrika Kusini ilikuta laini ni ndefu mno, volteji inapanda bila kushikika, na mwaka 2000 ikaweka kwenye kituo cha Auas kifaa cha tiristori kinachomeza megavari 250 na kutoa 80. Tazameni uwiano huo: kumeza zaidi ya mara tatu ya kutoa. Nchi nyingine ingenunua kinyume chake. Mwaka 2010 Namibia hiyo hiyo ikafungua laini ya Caprivi, kilomita 950, megawati 300, kwa mkondo mnyoofu unaogeuzwa na transista badala ya tiristori, kwa sababu ncha zote mbili zilikuwa dhaifu. Kila mara kifaa kilifuata ugonjwa.

Kwa Katanga, ugonjwa mwingine unaohitaji kupimwa mapema ni udhaifu unaobadilika. Kidhibiti cha statkomu kinapangwa kwa nguvu fulani ya kusukuma. Mtandao ukiwa mzima, nguvu hiyo ni sawa. Laini moja kati ya Kolwezi na Likasi ikikatika, mtandao unalegea kama uji, msukumo ule ule unaipeleka volteji mbali kupita kiasi, kifaa kinageuza, kinapita tena, na taa za mji mzima zinapepesa mara kadhaa kwa sekunde. Wakati huo waendeshaji wanaizima kwa mkono, na ikishazimwa mara tatu haitawashwa tena. Mkataba udai kidhibiti kinachojipima chenyewe na kupunguza msukumo, na kijaribiwe kiwandani kwenye kompyuta inayoiga mtandao wa Katanga kwa wakati halisi, pamoja na kituo cha Kolwezi, laini zikiwa zimekatwa moja baada ya nyingine.

Tuje kwenye yale yanayoharibika kweli. Si tiristori. Kila vali, yaani swichi moja kubwa ya kituo, ina tiristori kadhaa zilizopangwa mfululizo, moja au mbili ni za ziada. Moja ikifa inashoti, nyingine zinabeba, taa nyekundu inawaka, mnaibadilisha kwenye matengenezo yajayo. Kinachosimamisha vituo hivi ni vitu vidogo: pampu ya maji ya kupozea, feni, na umeme wa volti 400 wa kituo chenyewe. Maji hayo si ya bomba wala ya kisima. Yanapita kwenye vyuma vyenye volteji kubwa, kwa hiyo lazima yawe yamechujwa chumvi zote, upitishaji wake wa umeme ubaki chini ya maikrosimensi moja kwa sentimita. Katriji ya kuchuja ikiisha na hakuna nyingine ghalani, kipimo kinapanda, kidhibiti kinazima kituo chote. Kifaa cha mamilioni ya dola kinasimama kwa kukosa ndoo ya chembechembe za plastiki. Agizeni katriji za miaka mitano pamoja na kifaa, pampu mbili zinazopokezana, na chanzo cha pili cha volti 400 kisichotoka kwenye kabini moja na cha kwanza. Kipozeo kiwe na nafasi ya kuoshwa: kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi letu jekundu linaziba mapezi yake.

Vumbi hilo hilo linakaa kwenye vikombe vya kuhami. Likiwa kavu halina neno. Mvua ya kwanza ya Oktoba, ile nyepesi isiyoosha, inaligeuza tope, na umeme unatambaa juu yake hadi ardhini. Vikombe vioshwe mwezi wa Septemba, kila mwaka, na zabuni itaje urefu wa njia ya kutambaa unaofaa mahali penye vumbi la migodi. Itaje pia mwinuko. Vifaa vya kawaida vinahesabiwa hadi mita 1,000 juu ya bahari. Lubumbashi iko mita 1,200 na zaidi, Kolwezi karibu na 1,450. Hewa yetu ni nyepesi, inahami kidogo na inapoza kidogo. Asiyeandika hivyo kwenye zabuni atapewa kifaa cha pwani.

Mkichagua cha tiristori, simamieni wenyewe kazi ya zege. Riakta zake ni koili kubwa zisizo na kiini cha chuma, na sumaku yake inatapakaa mita kadhaa kuzizunguka na chini yake. Nondo za msingi zikifungwa kwa waya zikafanya duara kamili, duara hilo linakuwa koili ya pili: linachemka, zege linapasuka kutoka ndani. Uzio wa chuma nao vivyo hivyo. Mahali nondo zinapokatana ziwekewe plastiki, na uzio ukatwe vipande visivyogusana. Mkandarasi wa ujenzi hajui jambo hili asipoambiwa, na zege likishamwagwa hakuna wa kuliona.

Kuhusu wizi, mnajua wenyewe. Shaba ya ardhi, yaani nyaya zinazopeleka umeme wa hitilafu udongoni, ndiyo inayong'olewa kwanza, na kituo kisicho na ardhi nzuri kinaua mtu na kuchoma kadi za elektroniki kwa pamoja. Tumieni chuma kilichopakwa shaba, ambacho muuza chakavu hakitaki, na pimeni ardhi mara mbili kwa mwaka.

Baadhi yenu mtaletewa mapendekezo makubwa zaidi ya haya. Kondensa za mfululizo zinazodhibitiwa na tiristori zinapunguza riaktansi ya laini yenyewe: kwenye laini yetu ya mfano, kuondoa asilimia 40 kunafanya omu 100 kuwa 60, na megawati 242 kuwa 403 kwa pembe ile ile, ikiwa waya unastahimili joto lake. Zinasaidia pia kugawa mzigo. Laini ya 120 kV ikisimama sambamba na ile ya 220, bila kuhesabu transfoma, inajichukulia karibu asilimia 22. Katika megawati 300 ni 66, na inaweza kuwa ndiyo inayozidiwa kwanza. Ile ya 220 ikifungiwa kondensa hizo, ya 120 inashuka hadi kama 44. Brazili ilifungua mwaka 1999 laini inayounganisha kaskazini na kusini mwake ikiwa na vifaa hivi, na ndivyo vinavyotuliza kuyumba kwake. Ni vifaa vizuri. Lakini vinachanganya rilei za umbali, zinazokadiria hitilafu iko kilomita ngapi, nazo zitaona hitilafu ya kilomita 200 kana kwamba iko karibu zaidi, na rilei zote za njia hiyo zinabadilishwa au kupangwa upya. Visubiri volteji itulie. Transfoma ya kugeuza pembe kwenye njia ya Zambia nayo ina mantiki, ila hiyo haiwekwi bila makubaliano ya mitandao jirani, kwa sababu megawati unazozizuia hapa zitatokea kwa mtu mwingine. Na akija mtu na kifaa kinachodhibiti volteji, riaktansi na pembe vyote kwa pamoja, kama kile kilichowekwa Inez, Kentucky, Marekani, mwaka 1998, mpeni chai, mshukuruni, mrudi kwenye kazi.

Mwisho ni mkataba. Migodi imeshazoea kutanguliza pesa za ukarabati na kurudishiwa kidogo kidogo kwenye ankara. Njia hiyo inafaa hapa pia, kwa sharti kwamba kifaa kikae kwenye kituo cha umma, kiongozwe na waendeshaji wa umma, na kishike volteji ya mji na si ya uzio wa aliyelipa. Upatikanaji usipungue asilimia 98 kwa mwaka, na fidia ihesabiwe kwa saa. Modeli ya kompyuta ya kifaa ikabidhiwe wazi, isiyofungwa, ili wahandisi wetu waweze kuiingiza kwenye hesabu zao miaka kumi baadaye, kampuni ikiwa imeuzwa au imefungwa. Michoro yote na vitabu vya matengenezo viwe kwa Kifaransa. Nywila za ngazi ya juu za kidhibiti zikabidhiwe kwa maandishi siku ya makabidhiano, pamoja na kompyuta yenye programu yake. Kituo ambacho nywila yake iko kwa mtu aliyepanda ndege si chenu.

Orodha ya vipuri iandikwe na watakaotengeneza, si na anayeuza. Sisi tungeanza hivi: tiristori au moduli za transista asilimia 5 ya zilizofungwa, kadi moja ya kila aina ya kidhibiti, pampu moja nzima, seti mbili za vipimo vya upitishaji wa maji, makopo ya kondensa asilimia 3, fyuzi sanduku mbili. Ghala liwe hapa Lubumbashi, chumba kikavu chenye ubaridi, siyo kontena juani.

Kabla ya yote hayo, tunaomba kitu cha wiki sita tu. Fungeni vipimo vya ubora wa umeme kwenye vituo vinne: Kolwezi, Fungurume, Likasi na Karavia, vyenye saa ya satelaiti, virekodi volteji, megawati, megavari na harmoniki mchana na usiku. Wiki tatu zikiangukia Septemba na tatu Novemba, mtakuwa na ukame na mvua kwa pamoja. Data hizo zitangazwe wazi. Na siku ya majaribio ya kiwandani, kiti kimoja cha ndege apewe fundi wa zamu ya usiku wa Karavia, yule atakayekuwa peke yake na kifaa hicho saa nane za usiku kengele ikilia.

Kwa heshima,

Wahandisi na mafundi wa umeme wa Lubumbashi